Asilimia ya nini?

Aprili 2019 niliingia ofisi moja mjini Mombasa, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kikali hata nikajuta kuiacha leso nyumbani, nikamwomba binti wa kaunta aniangalizie nina shilingi ngapi. Nilikuwa nimelipa pesa yangu ya uzeeni miezi 26, kila mwezi 3,000, sikuruka hata mmoja. Hesabu yake haihitaji kalamu: 78,000. Binti akabofyabofya, akanigeuzia kioo cha kompyuta, akaweka kucha chini ya mstari mmoja. Mstari ulianza na maneno ya Kiingereza ukaishia na 0.00.

"Mwanangu, hapo pana makosa," nikamwambia.

"Hapana, mama. Ukisarenda leo, ndiyo hiyo."

Kusarenda. Kwetu sokoni mtu husarenda akishindwa na kodi ya kibanda, akainua mikono juu. Kumbe ofisini nako, kwa mtu anayevunja mkataba kabla ya wakati wake, neno hilo lina kazi, na kazi yake ni ileile.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Kongowea, cherehani tatu na ovaloki moja, na kazi inayonilisha ni sare za shule. Maana yake Januari nina pesa, muhula wa pili na wa tatu ukifunguliwa napata kidogo, na katikati ya hapo naishi kwa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Sina mwajiri wa kunikata pesa ya uzeeni halafu akaniongezea na yake. Ndiyo maana yule kijana aliponijia Januari 2017 nilimsikiliza. Ajenti hodari anaijua kalenda ya mteja wake. Tulikuwa naye kanisa moja, yeye kwaya, na ana sauti ambayo hata akikusomea bei ya viazi utaitikia amina. "Mama, hii ndiyo pensheni yako," aliniambia. "Ukifika 55 unatundika futi ukutani, unapumzika."

Nilitia sahihi juu ya meza ya pasi. Kurasa kumi na mbili, zote Kiingereza, nami nilisoma mbili: ya kwanza iliyokuwa na jina langu, na ya mwisho iliyokuwa na nafasi ya sahihi. Baada ya siku ile ya 0.00 ndipo nilipozisoma zote, mwanangu wa kidato cha tatu akiwa mkalimani, na tulifika mwisho bila kukutana na neno pensheni hata mara moja. Nilichonunua kilikuwa bima ya maisha iliyochanganywa na akiba.

Mkubwa wa yule binti, mtu mpole, alikaa nami akanifungulia zile 3,000 kama mtu anavyofumua mshono. Sehemu kubwa ya pesa za mwaka wa kwanza, alisema, huenda kwenye kamisheni ya ajenti na gharama za kuifungua bima. Halafu kila mwezi kuna ada ya bima, shilingi 150, ninayolipa kwa sababu tu bima ipo. Halafu kuna nyongeza ya ajali, shilingi 180. Ya ajali sikumbuki kuiomba, lakini kisanduku chake kilikuwa kimetiwa alama, na chini yake sahihi ni yangu. Hizo mbili peke yake ni 330 kwenye kila 3,000, yaani asilimia 11, kabla hata sijafikia bei ya ile kinga ya maisha yenyewe.

Sitasema niliibiwa. Ningekufa katika ile miezi 26, watoto wangu wangelipwa pesa ambazo cherehani zangu zote tatu zisingeweza kuwapa. Hiyo ni bidhaa halali na wako watu inayowafaa. Mimi nilikuwa nataka pesa ya kula nikizeeka, nikauziwa pesa ya kuliwa nikifa.

Nikamuuliza yule mkubwa: nikivumilia? Akasema bima hii huanza kuwa na thamani ya kurudishwa ikitimiza miezi 36, na hapo ningepata kama asilimia 40 ya nilicholipa. Nilishuka ngazi, nikakaa ngazi ya mwisho, nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya vifungo. Miezi kumi iliyobaki ni 30,000. Jumla itakuwa 108,000, na asilimia 40 yake ni 43,200. Nikiacha leo, hasara yangu ni 78,000. Nikiendelea, natoa 30,000 nyingine narudishiwa 43,200, na hasara inashuka kuwa 64,800. Dada yangu alipojua naendelea kulipa alisema nimerogwa. Lakini hesabu ni hesabu, hata ikikukera. Nililipa mwezi wa mwisho Januari 2020, na mwezi uliofuata nikapokea 42,900.

Machi corona ikafika, shule zikafungwa, na hakuna mzazi anayeshonea sare mtoto aliyekaa nyumbani. Madarasa machache yalirudi Oktoba, wengine wakasubiri hadi Januari 2021. Zile 42,900 zilikuwa unga na kodi ya nyumba, na zilikwisha kabla ya mwezi wa nane. Hiyo ndiyo pensheni yangu ya kwanza. Nilipata kujiuliza ingekuwaje kama ningekuwa bado ndani ya ile bima, natakiwa 3,000 kila mwezi, bila sare hata moja mezani. Nadhani ingekufa mikononi mwangu na kile kidogo chake.

Kwa miaka miwili sikutaka kusikia habari ya uzeeni. Aliyenirudisha ni mteja wangu mmoja ambaye pale sokoni tunamwita Mzee Bandari, kwa kuwa alikuwa mhasibu bandarini hadi alipostaafu. Alikuja 2022 na suruali ya suti, nyeusi, anataka nimpunguzie kiuno kwa sababu amekonda. Nilikuwa na vipeperushi viwili juu ya meza, vya mipango ya pensheni ya mtu binafsi, nilivyookota kwenye maonyesho ya kilimo pale Mkomani nikaviweka chini ya mkasi nisivisome. Akavisoma yeye akisubiri.

"Binti, hawa wanakata ngapi?"

Nikamjibu kama niliyesoma: "Huyu asilimia mbili tu. Huyu mwingine mwizi, anakata tatu, halafu na moja juu yake."

"Asilimia ya nini?"

Nikanyamaza. Nilidhani asilimia ni asilimia.

Akachukua chaki yangu, akaitandaza suruali yake mwenyewe mezani, akaandika kwenye paja la kushoto: 100,000. Chini yake: miaka 20. Akanieleza kwamba yule ninayemwita mwizi anakata asilimia 3 ya mchango, siku unapoingia. Ukileta 100,000, zinaingia 97,000, na zile 3,000 hazikatwi tena maisha. Baada ya hapo anakata asilimia 1 kila mwaka kwenye kila kilichomo, kile ulichoweka pamoja na faida yake. Yule mwingine hakati kitu mlangoni, ila kila mwaka anakata asilimia 2 ya vyote vilivyomo.

"Sasa tuseme pesa inazaa asilimia 8 kwa mwaka," akasema, akatoa simu na kuanza kuzidisha. Bila makato yoyote, 100,000 kwa miaka 20 zinakuwa 466,000. Kwa yule wa tatu na moja, 97,000 zinazaa 7, zinakuwa 375,000. Kwa yule wa mbili tu, 100,000 zinazaa 6, zinakuwa 320,000 na kitu. Akaziandika zote tatu moja chini ya nyingine, akachora duara kwenye tofauti ya zile mbili za chini: zaidi ya 54,000. Kwa kila laki moja.

Mimi pesa sizijui hivyo, nguo ndizo ninazozijua. Kuna kitambaa unachokikata mara moja mezani, kile kipande kikaanguka chini ukakiona kwa macho, ukaumia, yakaisha. Na kuna kitambaa kinachosinyaa kila kikifuliwa. Ukikipima dukani ni kizima, hakuna kilichoanguka chini, lakini mwaka wa tatu mtoto anavaa suruali juu ya kifundo cha mguu na mama yake anakuja kukulaumu wewe fundi. Asilimia 2 ya kila mwaka ni kitambaa cha namna ya pili. Nilimwambia Mzee hivyo, akacheka, akasema angekuwa na mfano huo enzi zake asingechoka kuwaeleza wenzake bandarini.

Ila akaongeza kitu ambacho vipeperushi havisemi. Hiyo hesabu inampa ushindi yule wa mlangoni kwa sababu pesa inakaa muda mrefu. Pesa inayokaa mwaka mmoja au miwili tu, makato ya mlangoni ndiyo yanayouma zaidi, na kwa namba zile mizani inageuka baada ya miaka mitatu na kidogo. Mtu wa miaka 57 anayeanza leo aulize kwa namna yake. Mimi nilikuwa na miaka 39.

Zile namba nilizisugua kwa brashi kabla ya kumpa suruali. 375 ilikataa kutoka mpaka nikaitia pasi ya mvuke.

Nilitembelea ofisi tano mwaka huo. Sikwenda tena kama mtu anayeomba, nilikwenda kama mteja wa mitumba, anayegeuza nguo ndani nje kabla hajauliza bei. La kwanza lilikuwa kujua ninanunua nini. Kenya bima zina msimamizi wake, na mipango ya pensheni ina wake, Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ile RBA, iliyoundwa na sheria ya 1997. Mpango wa pensheni lazima uwe umeandikishwa huko, na orodha yake iko wazi kwa kila mtu. Ile "pensheni" yangu ya 2017 isingekuwamo. Kuangalia kungenichukua dakika tatu.

La pili ni kujua nani anakula. Nilikuwa nadhani pensheni ni kampuni moja yenye sanduku moja. Kumbe kwa sheria kazi zimegawanywa: kuna wadhamini wanaousimamia mpango kwa niaba ya wanachama, kuna msimamizi wa kumbukumbu anayeandika michango na kutuma taarifa, kuna meneja anayewekeza, na kuna mtunzaji, kwa kawaida benki, anayeshika mali yenyewe ili meneja asiweze kuondoka nayo. Mpangilio huo ni kwa usalama wangu na ninaushukuru. Lakini kila mmoja wao ana ada yake, na mkaguzi wa hesabu ana yake, na RBA ina tozo yake ndogo. Ukiuliza ofisini "mnakata ngapi?", mara nyingi unatajiwa ya meneja peke yake, kwa kuwa ndiye anayeonekana. Kwenye ofisi ya pili nilijibiwa moja na nusu. Nikaomba ya mtunzaji, nikaomba ya wadhamini, nikaomba ya kumbukumbu, nikawa naandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mabega na kiuno. Jumla ikafika mbili na nusu na ushee. Kijana hakunidanganya. Alijibu nilichouliza.

Ofisi ya tatu ndiyo iliyonipa kazi. "Sisi hatukati kitu, mama. Tunatangaza riba, unapewa." Ulikuwa mfuko wenye dhamana, ambapo mtaji wako haushuki na kila mwaka kampuni inatangaza asilimia utakayopewa. Neno "hatukati" lilikuwa tamu hata nikakaribia kutoa kitambulisho. Nikakumbuka suruali ya Mzee. Nikauliza: mwaka jana huo mfuko ulizaa ngapi wenyewe, na mkatangaza ngapi? Yule dada akanitazama, akainuka, akamwita mwenzake. Jibu ni kwamba riba inayotangazwa ni ile inayobaki baada ya kampuni kutoa gharama zake na kuweka akiba ya miaka mibaya. Kwa hiyo makato yapo, ila yanafanyika jikoni, wewe unaletewa sahani. Sisemi ni vibaya. Asiyetaka kuona pesa yake ikishuka hata mwaka mmoja, hiyo ni bei ya usingizi wake. Lakini usilinganishe asilimia ya ofisi hii na ya ile nyingine kabla hujauliza: hii ni kabla ya makato au baada?

Jirani yangu Bi Zainabu, muuza mitumba, alinisikia nikilisema neno riba akaniambia, "Shoga, hapo mimi usinihesabu." Alitafuta mpango unaofuata sharia ya Kiislamu, na upo. Alirudi kunieleza kwamba huko nako kuna meneja na mtunzaji, na nao wanakula. Daftari langu aliliazima siku mbili.

Ofisi ya nne ilikuwa na ada ya shilingi 100 kila mwezi, uweke usiweke. Hii nataka kukaa nayo kidogo, kwa sababu wenzangu wa jua kali, sisi tuliojiajiri wenyewe, ndiyo inayowachinja. Mtu anayeweka 10,000 kila mwezi, shilingi 100 ni asilimia 1, na pengine ndiyo nafuu kuliko zote. Mimi mwezi wa sita naweza kuweka 500, na hapo 100 ni moja ya tano. Mwezi wa Aprili sina kitu kabisa, naweka sifuri, na wanakata 100 kutoka kwenye za Januari. Nilimuuliza kijana wa pale kama nikiugua mwaka mzima nisilete chochote itakuwaje. Akasema 1,200 zitaondoka. Jibu la ukweli, na nilimheshimu kwa hilo, nikaaga. Ada hiyohiyo ilikuwa rahisi kwa daktari aliyekaa kwenye foleni nyuma yangu, na kwangu mimi ilikuwa kisu.

Ofisi ya tano ndiyo niliyojiunga, na ndiyo iliyokuwa na kile kipeperushi cha "mwizi": tatu mlangoni, moja kwa mwaka kwa jumla ya wote, hakuna ada ya mwezi, hakuna adhabu ya kuruka. Niliomba waniandikie makato yote kwenye karatasi moja yenye nembo yao. Ilichukua wiki mbili na simu nne. Nimeibandika ndani ya kabati la vitambaa.

Katika zile wiki mbili niliuliza pia la kuhama. Ukichoka na mpango mmoja unaweza kuhamishia pesa zako mpango mwingine ulioandikishwa, bila kuzishika mkononi. Uliza mapema kuhama kunagharimu ngapi, na kunachukua muda gani. Mlango wa kutokea ulioandikwa bei nauamini kuliko ule ambao msimamizi anacheka unapouulizia.

Kisha nikaumwa na kato ambalo halikuwamo kwenye karatasi yoyote, kwa kuwa si la mpango. Nilikuwa nimejiwekea kutuma 200 kila jioni kwa simu, kabla sijafunga kibanda. Nilikuwa nawaonea wivu watu wa ule mpango wa Mbao, uliotengenezwa kwa ajili ya jua kali, shilingi 20 kwa siku. Mbao mtaani ndiyo hiyo ishirini. Nikasema nami nitakwenda haba na haba. Mwisho wa mwezi mwanangu, aliyekuwa sasa chuo, akasoma ujumbe mmoja mmoja: kila 200, kutuma shilingi 5. Siku 26, shilingi 130 kwenye 5,200. Asilimia mbili na nusu, na bado sijafika mlangoni kwa yule wa tatu. Ningetuma zote mara moja nisingekatwa hata 50.

Basi nikaanza kuzikusanya kwenye kopo la vifungo nitume mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza kopo lilinunua mtungi wa gesi. Mwezi wa pili lilikwenda matangani Voi. Hapo nikajifunza kwamba kopo nalo lina ada, na ni kubwa kuliko ya simu. Sasa natuma kila Jumamosi mchana, mara nne kwa mwezi. Nakatwa kidogo, na gesi inajitafutia pesa yake.

Kuna jambo moja ambalo kila ajenti alilitaja kwanza, kabla hata ya salamu kuisha: kodi. Ni kweli kwamba mchango wa pensheni hauhesabiwi kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi 20,000 kwa mwezi wakati ule, na tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria imepandisha hadi 30,000. Kwa mwenye mshahara mnono hiyo ni zawadi, na inaweza kufuta makato mengi. Lakini msamaha wa kodi unamfaa anayelipa kodi hiyo. Mwezi ambao nimepunguza suruali kumi na mbili na kubadilisha zipu sita, mapato yangu hayafiki pa kutozwa. Nauziwa mwavuli ndani ya nyumba. Nilipomwambia hivyo ajenti mmoja, mwenye tai, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwenye suruali.

Mwisho wa safari pia una bei, na hili alinieleza Mzee Bandari mwenyewe siku aliyokuja kuchukua suti ya harusi ya bintiye. Kwenye mpango ulioandikishwa kuwa wa pensheni, siku ya kustaafu unachukua taslimu isiyozidi theluthi, na zilizobaki zinakwenda kukutafutia malipo ya kila mwezi. Yeye alinunua malipo ya maisha kwenye kampuni ya bima. Pale, alisema, hutaona mstari wa ada hata ukivaa miwani miwili. Ada imo ndani ya namba wanayokutajia. Kwa hiyo alizunguka kampuni nne na kiasi kilekile cha pesa, akaomba kila moja imwandikie itampa ngapi kwa mwezi. Kati ya ya juu na ya chini palikuwa na tofauti ya zaidi ya shilingi 3,000 kila mwezi, mpaka siku atakayozikwa. Wenzake wengi walichukua ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyoleta fomu na soda kwenye sherehe ya kuwaaga.

Yule kijana wa kwaya tulikutana miaka michache baadaye, kwenye matatu ya kwenda Mtwapa. Ameacha bima, sasa anauza viwanja. Alinisalimu kwa furaha ya kweli, na sikuona sababu ya kumfokea mtu aliyelipwa kwa kazi aliyoifanya vizuri kuliko nilivyoifanya yangu ya kusoma. Ila alipoanza kunieleza kwamba kiwanja kinalipwa kidogo kidogo kwa mwezi, niliteremka kituo kimoja kabla ya changu.

Taarifa ya mwaka ilinijia Februari hii. Siku hizi naisoma kutoka chini kwenda juu, makato kwanza, salio baadaye. Nikachukua ile karatasi ya kabatini, nikaziweka sambamba juu ya meza ya pasi, nikashuka nazo mstari kwa mstari kwa ncha ya mkasi. Ya mtunzaji haikulingana. Tofauti ilikuwa shilingi 65. Bi Zainabu, aliyekuwa amekuja kuazima sindano, akasema pesa hiyo haifiki hata bei ya soda na chapati. Nikapiga simu. Nikasubiri muziki wao uishe, nikaanza kujieleza: jina, namba ya uanachama, ukurasa wa pili, mstari wa nne kutoka chini.

Upande wa pili dada akanikatiza. "Samahani, mama. Ni wewe yule mama wa makato?"

"Ndiye."

"Basi ngoja nichukue kalamu."